Lori la Rimoti na Kuku Wawili



Anayepita Mwamanyili wakati wa kiangazi atakutana njiani na malori yasiyo na injini. Watoto wetu huyaunda kwa waya, magurudumu huyakata katika ndala zilizochakaa, kisha huyaongoza kwa fimbo ndefu yenye usukani wa duara juu yake. Siku zote tuliyahesabu kuwa michezo tu. Mwaka huu tumeanza kuyaheshimu, na sababu yake ni lori jingine, la dukani, linaloongozwa kwa redio.

Lori hilo lililetwa na mjomba mmoja anayefanya kazi Mwanza, akampa mpwa wake wa darasa la sita. Kabla mwezi haujaisha likawa linavuta kushoto, linachemka, na betri inakata roho katikati ya uwanja. Kijana akaamua kwamba dawa ni mota kubwa zaidi, na ili aipate angeuza kuku wake wawili, matetea walioanza kutaga. Mama yake akatuomba tulitazame lori kabla kuku hawajafika mnadani. Tuliona ombi lake ni la haki, kwa maana kuku anayetaga ni akiba ya nyumba, na madaftari ya kijana yule hutoka humo humo.

Yapasa kusema wazi kwamba karibu kila mwenye lori la kwanza huwaza mota kwanza. Lakini mota yenye nguvu hudai umeme mwingi zaidi, na nguvu yake hupita katika gia zilezile za plastiki zilizotengenezwa kwa mota ndogo. Meno yakikatika, umepoteza mota na lori pamoja. Basi sisi tulianzia chini, kwenye magurudumu. Tulipoyatoa tulikuta nyuzi za pamba, nywele na vumbi vimejisokota katika ekseli hata gurudumu likawa zito kuzungushwa kwa kidole. (Katika mkoa wa pamba kama Simiyu, nani atashangaa?) Tulisafisha kwa mswaki mkavu, wala hatukutumia maji, kwa sababu maji huua kifaa cha kupokea mawimbi.

Ndani ya vitovu vya magurudumu mlikuwa na bushi za plastiki. Si ajabu. Hata Tamiya, kampuni ya Japani iliyoanza kuuza magari ya redio mwaka 1976, imeweka bushi za namna hiyo katika magari yake mengi ya wanaoanza ili kupunguza bei. Kuziondoa na kuweka beringi za gololi ndilo boresho la kwanza tunalolipendekeza, mbele ya mengine yote: msuguano hupungua, mota hupoa, betri hudumu. Pima kabla ya kuagiza; magari mengi ya Tamiya, kwa mfano, hutumia beringi yenye kipenyo cha nje cha milimita 11 na tundu la milimita 5.

Kisha tukaifungua mota. Gia yake ndogo ilikuwa imebanwa mno dhidi ya gia kubwa, na hapo ndipo joto lilipotoka. Mafundi hutumia njia rahisi: weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya gia mbili, sukuma mota mpaka meno yashikane, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Nafasi inayobaki inatosha. Gia zikilia sana ziko mbali mno au karibu mno.

Kwenye usukani, kijana alitutangulia. Tulikuwa tukitafuta bisibisi, naye akashika gurudumu la mbele, akalitikisa, akasema, “Shikamooni, hapa pamelegea, kama waya wangu ulivyokuwa.” Alikuwa na haki. Skrubu ya mkono wa usukani ilikuwa imelegea, na kila alipobonyeza kitufe cha kusawazisha kwenye rimoti alikuwa anauficha ubovu badala ya kuuondoa. Tulirudisha kitufe katikati, tukauweka mkono wima, tukakaza. Lori likaenda moja kwa moja, kwa mota ile ile. Kuku hawakwenda mnadani.

Yamebaki mambo ya ardhi. Juu ya luseni, udongo wetu wa kichanga, magurudumu huzama na mota huteseka. Hapo gia ndogo ya mota ipunguzwe jino moja au mawili. Mwendo utashuka kidogo, nguvu ya kuvuta itaongezeka. Baada ya dakika tano za mbio gusa mota: ikiwa kidole hakivumilii, punguza tena. Juu ya mbuga, ule udongo mweusi, msicheze kabisa wakati wa mvua, maana hunata kwenye tairi hadi lori lisimame. Tairi zilizo tupu ndani, kama hazikugundishwa, zijazwe sponji ya godoro kuukuu ili zisilale kwenye kona. Kuhusu shokapu hatuna mengi ya kusema. Za wanaoanza zinatosha.

Jambo la mwisho ni betri, na hapa hatufanyi mzaha. Lori lilikuja na betri ya nikeli ya volti 7.2, yenye seli sita, ambayo huvumilia makosa ya watoto. Mjomba ameahidi kuleta ya lithiamu, ya seli mbili. Ni nyepesi na yenye nguvu, lakini seli yake isishuke chini ya volti 3 wala kupita 4.2, na ikivimba isitumike tena. Ikichajiwa kwa chaja ya nikeli yaweza kulipuka moto, na nyumba nyingi za jirani zetu ni za nyasi. Kwa hiyo tumempelekea mjomba ujumbe: alete kwanza chaja yake, ahakikishe kidhibiti cha mota kinakata umeme betri ikishuka, na kila mara ichajiwe juu ya sakafu ya saruji, mbali na magodoro, mtu mzima akiwapo. Hajajibu bado. Mpaka ajibu, betri ya nikeli itaendelea kufanya kazi yake.