Simu ya Shosho Inunuliwe Meru

Ndugu zangu wa Meru na Embu,

Desemba inakaribia, na huku Marekani masanduku yameanza kufungwa. Katikati ya viatu, vitamini na nguo za watoto kuna simu inayopelekwa kwa mama wa Nkubu au baba wa Runyenjes. Mtoto ameinunua kwa mapenzi, naye anaamini kuwa kitu kikitoka Marekani lazima kiishinde kabambe ya mzazi, ile simu ndogo ya vibonyezo. Desturi hii inaniudhi. Nyinyi mlio nyumbani mnaichochea kila mnapoicheka mulika mwizi ya mzee na kumuuliza kama mtoto wake wa ng'ambo amemsahau. Hajamsahau. Simu ya mzazi na inunuliwe pale mzazi anapoishi, na kwa wazee wengi inafaa iwe ya vibonyezo.

Huku simu ni chombo cha kuzungumzia, na fedha za mtu zina mahali pake pengine, benki na kwenye kadi. Hata simu zilizotengenezwa mahususi kwa wazee zimejengwa juu ya msingi huo. Inayojulikana zaidi ni Jitterbug, yenye vibonyezo vikubwa na sauti ya juu. Biashara hiyo ilikua hata kampuni iliyoianzisha ikanunuliwa na kampuni ya Best Buy mwaka 2018 kwa dola milioni 800. Kinachouzwa hasa pale ni msaada: mzee akianguka jikoni anabonyeza kitufe kimoja, mhudumu anapokea, na ikibidi gari la wagonjwa linatumwa kupitia nambari ya dharura, 911. Ni mpango mzuri sana kwa mzee wa Ohio. Lakini kule Igembe au Mbeere, mzee akianguka, wa kwanza kufika ni jirani na wa pili ni mwenye bodaboda. Nazo pesa zake, zile tunazomtumia na zile alizopata kwa kuuza mbuzi, zimo ndani ya laini. Simu ya Marekani imedhani kwamba fedha ziko benki na msaada uko kwa serikali. Simu ya Meru ni mkoba wa fedha, na msaada ni nambari ya mtu anayeishi ng'ambo ya pili ya ua. Ukimpelekea mzee simu ya huku, umempelekea jibu la maswali ya nchi nyingine.

Tazameni pia mitambo yenyewe. Kenya, mitandao ya 2G hutumia masafa ya megahertz 900 na 1800. Marekani yalikuwa 850 na 1900, na kampuni kubwa za huku zilifunga hata 3G mwaka 2022. Baadhi ya simu za bei nafuu zinazouzwa huku zimetengenezwa kwa masafa ya huku tu, na juu ya hayo zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine mpaka muda fulani upite. Ikifika kwenye mabonde ya Imenti inaweza kukaa kimya kabisa, au ikashika mtandao mjini Meru na kuupoteza nyumbani. Wanaodhani iPhone itawaokoa wajue kwamba zile zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14, ya mwaka 2022, hazina hata tundu la kuingizia laini. Fikirini mzee wa miaka 78 anayeambiwa apande matatu kwenda mjini kuhamishia laini yake ndani ya simu isiyo na tundu, na ndani ya laini hiyo ndimo zilimo pesa zake zote.

M-Pesa yenyewe, ilipoanza Machi 2007, ilijengwa ikae kwenye menyu ya kadi ya laini, na simu zilizokuwa mikononi mwa watu wakati ule zilikuwa za vibonyezo. Mpaka leo *334# inafanya kazi bila intaneti. Usajili wa bima ya afya ya SHA nao una *147#. Kwa hiyo mwenye kabambe hajafungiwa nje ya mambo makubwa. Zaidi ya hapo, vidole vilivyochuma majani chai ya Githongo, Kinoro au Mungania kwa miaka mingi vimekauka na kuota sugu, na kioo cha kugusa mara nyingi hakivisikii. Kibonyezo kinavisikia. Betri ya kabambe inakaa siku kadhaa, jambo kubwa pale stima inapopotea tangu jioni hadi kesho yake. Kuna tochi ya kuendea zizini. Na kuna redio, ambayo simu nyingi za huku hazina: mzee anasikiliza Muuga FM kwa Kimeru au Wimwaro FM kwa Kiembu bila kununua bando.

Najua wenzangu wa huku watakalosema: tunataka kumwona mama uso kwa uso, na wajukuu waliozaliwa huku wamjue. Ni haja ya kweli, wala sitaki mtu aiache. Ninachokataa ni kuutia uso wa mama na pesa za mama ndani ya simu moja. Nunueni simu janja ya nyumba, ikae sebuleni na laini yake ya bando, aishike kijana anayeijua. Laini ya M-Pesa ibaki kwenye kabambe mfukoni mwa mzee. Simu janja ndiyo inayopitishwa mkono kwa mkono, ndiyo mjukuu anayoiomba aangalie video, ndiyo inayowekewa programu za mikopo na kamari. Na hapa nawasema vijana wa nyumbani bila kuwaficha: wapo miongoni mwenu wanaoijua nambari ya siri ya shosho kuliko shosho mwenyewe, nao wanauita huo msaada. Mzee anayeweza kubonyeza tarakimu nne anaweza kuilinda siri yake. Mwacheni ailinde.

Wengine watasema nawadharau wazee, kwamba wapo wenye miaka 75 wanaosoma magazeti kwenye simu janja. Wapo, na mzee anayeitaka apewe. Dharau ni kumchagulia bila kumuuliza, kisha kumlaumu akishindwa. Muulizeni anaitumia simu kufanya nini, na jibu lake ndilo liongoze ununuzi.

Ugumu wa kweli uko kwa mzazi anayekuja huku miezi kadhaa kulea mjukuu. Kabambe yake ya 2G haitashika kitu. Hata yenye 4G si hakika, kwani baadhi ya kampuni za huku hukubali aina maalumu za simu tu. Asitafutiwe simu moja ya kufanya kazi kote; itagharimu sana na bado itamsumbua. Apewe ya hapa ya bei ndogo akifika. Laini yake ya Safaricom, ile ya M-Pesa, aje nayo, iwekwe kwenye simu yenye tundu inayokubali laini za nje, na itumiwe mara kwa mara, maana laini iliyolala muda mrefu huweza kuchukuliwa na kuuzwa kwa mtu mwingine.

Sasa kazi yenu mlio nyumbani. Mkinunua Makutano au Embu mjini, bonyezeni *#06#, kisha tumeni nambari inayotokea kwa 1555 mjue kama simu ni halali, maana mwaka 2012 simu bandia zaidi ya milioni moja zilizimwa na wenyewe wakabaki na makopo. Kabla ya kulipa, mzee aishike, asikie sauti ya spika, asome tarakimu bila miwani, achague menyu ya Kiswahili akitaka. Kitufe cha 2 kiwe cha jirani, cha 3 cha bodaboda anayeaminika, na sisi wa ng'ambo tufuate nyuma. Akipokea ujumbe kwamba pesa zimemjia kimakosa, aangalie salio kwanza, na asirudishe mwenyewe. Aliyekosea atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000. Anayejiita wa kampuni kwa nambari nyingine akatiwe simu. Kupiga simu ni wajibu wetu sisi wa huku, nasi tukumbuke kwamba saa za Marekani husogezwa Machi na Novemba wakati za Kenya hazisogei, tusiwaamshe wazee usiku wa manane. Na wiki hii, kila mmoja wenu akae na mzee wake wabonyeze *106# pamoja, waone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikiwa ile anayoitumia haimo, imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na siku itakapopotea mwenye jina hilo ndiye atakayepewa nyingine pamoja na pesa zilizomo. Mpelekeni dukani na kitambulisho chake mkairekebishe kabla pesa za Krismasi hazijaanza kuingia.