Mashine Iliyoninyang'anya Kiti

Jumamosi iliyopita niliingia dukani kununua vitu vitano tu: maziwa, mkate, vitunguu, tangawizi na ndizi za kupika. Duka lenyewe nalijua kama jikoni kwangu, maana huu ni mwaka wa kumi na saba niko hapa Leicester. Lina kaunta kumi na mbili. Siku hiyo makeshia walikuwa wawili, na foleni zao zilikuwa za wazee na akina mama wenye matoroli yaliyofurika. Nikaona vitu vitano havinipotezei muda, nikaenda kwenye mashine za kujihudumia.

Maziwa yakapita. Mkate ukapita. Vitunguu na tangawizi havina baakodi, kwa hiyo unaviweka kwenye mzani na kutafuta picha zake kwenye skrini. Hapo pia nikapita. Balaa likaanza kwenye ndizi. Skrini ina picha ya ndizi moja, ya njano, ya kumpa mtoto. Ndizi ya kupika utaitafuta kwa kuandika jina lake la Kiingereza. Nikaandika, nikakosea herufi, mashine ikaniletea plamu. Kijana aliyekuwa nyuma yangu akaanza kupumua kwa nguvu, ule upumuaji wa Kiingereza ambao ndiyo matusi yao. Nilipoipata ndizi hatimaye, nikaweka kikapu changu pembeni nianze kupakia. Sauti ya kike, ya upole wa kuudhi, ikatangaza kwamba kuna kitu kisichotarajiwa kwenye sehemu ya mifuko. Taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa changu.

Kitu kisichotarajiwa kilikuwa ni kikapu changu cha ukili, nilichonunuliwa na mama sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Chini ya ile sehemu ya mifuko kuna mzani mwingine, na mashine inajua uzito wa kila bidhaa uliyoskani. Ikiona gramu ambazo hazimo kwenye hesabu yake, inapiga kelele. Ukili haumo kwenye hesabu yake.

Akaja dada wa zamu, akagusisha kadi yake, taa ikazimika. "Pole, bata wangu," akaniambia. Watu wa Leicester huitana bata, ni neno la mapenzi, msije mkadhani nilitukanwa. Nilimhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia, kwa sababu kazi yake naijua. Nimeifanya.

Nilipofika nchi hii nilibeba boksi kama wenzangu wote: zamu ya usiku, ghalani, kupanga makopo kwenye rafu hadi alfajiri. Nilipopandishwa kuwa keshia niliona nimeukata. Nilikuwa na kiti! Kiti cha kuzunguka, chenye mahali pa kuegesha miguu, na mkanda unaonisogezea bidhaa zenyewe. Ni kweli kasi yetu ya kuskani ilipimwa na kubandikwa ukutani kwenye chumba cha mapumziko, ili tuaibishane. Lakini nilikaa. Na nikiwa nimekaa pale nilijifunza Kiingereza ambacho miaka yangu yote ya sekondari haikunipa: Kiingereza cha hali ya hewa, cha magoti yanayouma, cha mjukuu aliyefaulu, cha mume asiyejua kununua nyanya.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja karibu kila siku kununua vitu viwili, supu ya kopo na chakula cha paka. Angeweza kununua vya wiki nzima kwa mara moja, hata mkokoteni anao. Siku moja akaleta supu peke yake. Sikumwuliza kitu, niliskani ile supu polepole, na yeye akaanza kunieleza habari za paka. Foleni ilisubiri. Msimamizi alinitazama kwa jicho, na wastani wangu wa siku ile ulishuka.

Kisha zikaja mashine. Walizifunga usiku, asubuhi tukakuta kaunta nne zimeng'olewa. Nikawekwa kuangalia mashine sita, nimesimama. Kazi ikawa ni kuzunguka: kuzima taa, kubadilisha karatasi ya risiti, kuhakiki umri wa mnunuzi wa bia. Sheria ya huku ni miaka 18, lakini maduka huomba kitambulisho kwa yeyote anayeonekana hajafika 25, kwa hiyo siku nzima unawakagua watu nyuso. Wateja walikuwa wale wale, ila sasa walinijia wakiwa wameshakasirika, na mimi nilikuwa kama askari wa zamu. Yule bibi alijaribu mashine mara moja, nikamsaidia, akasema asante, akahamia duka jingine. Mwezi wa nane nikaacha kazi kwa sababu ya miguu.

Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia kwamba mashine zimeondoa kazi. Kazi ipo pale pale. Kuskani kunafanyika, kupakia kunafanyika, kutafuta bei ya ndizi kunafanyika. Aliyebadilika ni mfanyaji: zamani nilikuwa mimi kwa mshahara, leo ni mimi bure.

Huu mchezo wa kumpa mteja kazi una historia ndefu kuliko tunavyodhani, na mwanzo wake unafanana sana na nyumbani. Hadi mwanzoni mwa karne iliyopita, Mmarekani wa kawaida alinunua unga na sukari jinsi sisi tunavyonunua kwenye duka la mtaani. Alisimama mbele ya kaunta, akataja shida yake, mwenye duka akapima, akafunga, akampa. Mwaka 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders akafungua duka lililoitwa Piggly Wiggly ambamo mteja alipewa kikapu, akapita kwenye geti la kuzunguka, akajichukulia mwenyewe rafuni na kulipa mlangoni. Hapo ndipo miguu yetu ilipoajiriwa. Mwaka 1974, katika mji wa Troy, Ohio, pakiti ya bablishi ikawa bidhaa ya kwanza dukani kupita kwenye skana kwa baakodi za aina tunayoijua leo. Miaka kumi na miwili baadaye, karibu na Atlanta, mashine za kujihudumia zikajaribiwa, na mikono yetu nayo ikaajiriwa. Saunders huyo huyo, mwaka 1937, alikuwa amekwisha kujaribu duka la mitambo mitupu, mteja anazungusha ufunguo na bidhaa inamfuata kwa mkanda. Mitambo ilimshinda.

Sasa twende Sinza, kwa Mangi wetu. Kwa wasomaji wa Kenya na kwingineko: Mangi ni cheo cha watawala wa Wachaga, lakini Dar es Salaam limekuwa jina la mwenye duka yeyote wa mtaani, hata kama ni Mkinga wa Makete. Duka lake limezungushiwa nondo kutoka kaunta hadi darini, na kuna kidirisha cha kupitisha mkono. Hushiki kitu mpaka ulipe. "Mangi, sukari robo, mafuta ya mia tano, kiberiti." Yeye anapima, anamimina mafuta kwenye chupa uliyokuja nayo, anakupa chenji, na akikosa shilingi hamsini anakupa pipi bila kukuuliza kama una meno. Siku hizi bandiko la lipa namba, la kulipia kwa simu, limefungwa kwenye nondo, kando ya lile tangazo lake la tangu zamani: leo taslimu, kesho mkopo. Tangazo ni la wapita njia. Sisi wa mtaani tuna daftari.

Sitaki kumpamba Mangi. Daftari lile ni la aibu pia. Niliwahi kutumwa chumvi nikiwa na miaka tisa, akanijibu mbele ya watu saba, "Mwambie mama kwanza amalizie ile ya Jumanne." Mtaa mzima ukajua hali ya nyumbani kwetu. Mashine haiwezi kukufanyia hivyo. Na wapo wanaoipenda mashine kwa sababu hiyo hasa: binti anayenunua pedi, mtu anayehesabu senti zake na hataki kuonekana akirudisha kopo. Binamu yangu, aliyefika huku mwaka juzi, hapiti kwa keshia hata kwa dawa, anaogopa Kiingereza chake. Namwelewa. Ila namwambia kila siku: mimi changu nilikipata kwa kuskani supu za watu, wewe utakipata wapi?

Kinachonisumbua zaidi ni kushukiwa. Mwaka jana niliskani toroli zima, nikalipa, mashine ikasema nimechaguliwa kukaguliwa. Kijana akavitoa vitu vyangu kimoja kimoja mbele ya foleni. Akakuta mfuko wa mchele kwenye kitako cha toroli, kilo tano, haujaskaniwa. Niliusahau kabisa. Alikuwa mpole, akaskani, nikalipa, ikaisha. Lakini mwanamke mweusi aliyekutwa na mchele ambao hakulipia anajua watu wanafikiri nini, na sijarudi duka lile. Nilipokuwa keshia, mteja akisahau mchele chini nilikuwa nauona mimi. "Na huo chini, mama?" Anacheka, anaulipa. Keshia alikuwa anailinda mali ya tajiri, na papo hapo anakulinda wewe usiwe mwizi kwa bahati mbaya.

Wapo pia wanaoiba kwa kusudi, tena watu wenye heshima zao, wanaopima parachichi na kubonyeza picha ya karoti. Hapa hapa Leicester, chuo kikuu kina profesa mstaafu wa mambo ya uhalifu, Adrian Beck, aliyezifuatilia mashine hizi kwa miaka mingi, na utafiti wake umeonyesha kwamba zinapoongezeka dukani, hasara nayo hupanda. Dawa waliyoipata wenye maduka ni kumshuku kila mtu zaidi: kamera juu ya skrini, vigeti ambavyo havifunguki mpaka uskani risiti. Nyumbani nako tunashukiwa, tusidanganyane. Nondo za Mangi si mapambo. Supamaketi za Dar zina mlinzi mlangoni anayechukua risiti yako na kuichora kwa kalamu. Lakini yule mlinzi anaichora risiti ya kila mtu, mwenye gari na mpanda daladala, kisha anasema, "Karibu tena, mama." Na mimi nina mtu wa kumjibu.

Huku nako wameanza kujikuna vichwa. Booths, kampuni ya kaskazini mwa Uingereza iliyoanza mwaka 1847 na yenye maduka yasiyofika 30, ilitangaza Novemba 2023 kwamba inaondoa mashine karibu kote, ikabakiza maduka mawili tu. Wateja walilalamika kwamba zinachelewesha na hazina utu. Uholanzi, kampuni ya Jumbo ilianzisha mwaka 2019 kaunta ya soga: ukisimama pale, keshia hana haraka, mnaongea. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi wa paka, na wastani wangu uliobandikwa ukutani.

Lakini kwa soga mimi siendi Uholanzi. Napanda basi hadi Belgrave Road, kwa Wahindi wetu. Nasema wetu kwa sababu wengi wao walitoka Uganda mwaka 1972, walipofukuzwa na Idi Amin, wengine Kenya na Tanzania. Baraza la jiji la Leicester lilifikia kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja. Kuna mzee ana duka la mboga, mzaliwa wa Jinja, Kiswahili chake ni cha jikoni lakini hakikauki. "Karibu mama, leo muhogo mzuri, hapana chukua ile ya juu." Ndizi za kupika anazijua kwa jina, haandiki popote. Anapima, anaongeza pilipili mbili za bure, anauliza habari za mama yangu ambaye hajawahi kumwona.

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye supamaketi moja ya Dar, na wiki hii ameniuliza kama mashine hizi zitafika kwao. Nilimjibu kwamba sioni haraka. Supamaketi zetu zimeanguka kwa sababu nyingine kabisa: Uchumi ilifunga Tanzania mwaka 2015, Nakumatt iliyonunua maduka ya Shoprite mwaka 2014 haikudumu, na madeni ndiyo yaliyoziua. Mishahara ya makeshia wetu ni midogo mno, mashine haitampa tajiri nafuu ya maana. Na kuna wale vijana wanaopakia na kukubebea hadi kwenye gari kwa hela ya soda. Huku hiyo ni anasa.

Nilipokuwa Dar Desemba, nilisimama kwenye foleni nikihesabu kaunta kwa mazoea ya kazi. Tisa, zote zina watu. Nikafurahi, kisha nikatazama chini. Makeshia wote tisa walikuwa wamesimama. Nilipomuuliza yule aliyenihudumia, alisema zamu yake huchukua saa tisa, na kwamba kukaa kunaonekana uvivu mbele ya mteja.

Basi mameneja mnaosoma hapa, najua mpo: mkizileta mashine hizo siku moja, wabakizeni makeshia wawili watatu kwa ajili ya wazee na wenye vikapu vya ukili. Na hao mlio nao leo, wapeni viti.