Anamtunza mzee Uingereza, wanawe anawalea kwa simu

Waingereza walipopiga kura ya maoni Juni 23, 2016, swali kwenye karatasi lilikuwa moja tu: nchi ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya au itoke? Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Majumbani, hata hivyo, maswali yalikuwa mengi. Vijana wengi walipiga kura ya kubaki, wazee wengi wakapiga ya kutoka, na zipo familia zilizokaa meza moja kwa miezi bila mtu kuthubutu kulitaja neno Brexit.

Wazee hao walikuwa na hoja zao. Wengi waliishi kwenye miji iliyopoteza viwanda na migodi, wakawaona watoto wao wakihamia London na miji mingine mikubwa kutafuta riziki. Walitaka nchi yao iamue yenyewe nani aingie na nani asiingie. Vijana nao walisema wananyang'anywa haki ya kusoma, kufanya kazi na kuishi popote Ulaya bila kuomba kibali. Kila upande ulidai unawatetea watoto.

Katika kelele zile, swali moja la nyumbani halikupata nafasi kubwa. Mzee akishindwa kuoga mwenyewe, nani atamwogesha?

Kazi iliyokosa watu

Uingereza si ajabu kumkuta mzee wa miaka 85 akiishi peke yake, au katika nyumba ya kutunzia wazee. Mtoto wake yuko mji mwingine, ana mkopo wa nyumba wa kulipa na watoto wa kupeleka shule. Anayekuja asubuhi kumwamsha mzee, kumwogesha, kumpa dawa na kumtengenezea chai ni mhudumu wa kulipwa. Ni kazi ya mgongo na ya moyo, lakini mshahara wake ni mdogo, na wenyeji wengi wanaona heri wakafanye kazi dukani.

Kabla ya Brexit, baadhi ya wahudumu walitoka Poland, Romania na nchi nyingine za Ulaya, ambao hawakuhitaji viza. Mlango huo ulifungwa Januari 1, 2021. Korona nayo ikawachosha waliokuwepo. Katika mwaka wa 2021/22, England peke yake ilikuwa na nafasi zipatazo 165,000 za kazi za kutunza wazee na wagonjwa zisizo na watu.

Februari 2022, serikali ikawaingiza wahudumu hao kwenye viza ya wafanyakazi wa afya. Wakaja watu kutoka Nigeria, India, Zimbabwe, Ghana na hata Kenya. Baadhi yao nyumbani walikuwa walimu au wahasibu, watu wenye vyeti vyao na heshima zao.

Hapo mjadala ukageuka. Wengi walipiga kura ya kutoka Ulaya wakitaraji wageni wapungue, kumbe wageni wakaongezeka, ila wakitoka mbali zaidi. Serikali ilisema katika mwaka ulioishia Septemba 2023, wahudumu wapatao 100,000 walifuatana na wategemezi wapatao 120,000. Si kila aliyelalamika alikuwa na chuki. Wapo waliokuwa wakisubiri wiki kadhaa kumwona daktari, na wapo vijana waliokosa nyumba ya kupanga kwa bei wanayoimudu.

Desemba 2023 waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, James Cleverly, akatangaza uamuzi. Kuanzia Machi 11, 2024, mhudumu mpya asingeruhusiwa kuja na mume, mke wala mtoto. Muuguzi aliyesajiliwa aliendelea kuruhusiwa. Mhudumu anayembadilisha mzee nguo usiku wa manane hakuruhusiwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wahenga. Huyu alipewa jembe siku aliyofika, lakini watoto wake wakaambiwa wabaki kwao.

Malezi ya saa 3 usiku

Chukulia mama wa watoto wawili kutoka Nakuru, aliyefika Leeds mwezi mmoja baada ya sheria hiyo kuanza. Wakati wa baridi, Kenya iko mbele ya Uingereza kwa saa 3. Zamu yake inaanza saa 1 asubuhi, wakati wanawe wako darasani. Mchana haruhusiwi kushika simu. Anatoka saa 12 jioni, na Nakuru ni saa 3 usiku. Mdogo ameshalala. Bibi anaelekeza simu kitandani ili mama amwone mwanawe anavyopumua. Mkubwa, wa miaka 12, anajibu maneno mawili, "Niko sawa," halafu anasema ana kazi ya shule.

Mama huyu anajua mzee wake wa Leeds anataka chai yenye maziwa kiasi gani, goti lipi linamuuma, na ni mjukuu yupi hajapiga simu tangu mwezi uliopita. Habari kwamba mwanawe ameng'oka jino la mbele alizipata kwa picha, siku mbili baadaye. Yumo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Ada hachelewi, viatu vinanunuliwa, pesa ya safari ya shule inatumwa kwa M-Pesa kabla ya wazazi waliopo mjini hawajatoa. Kila kinachoweza kutumwa anakituma. Kinachobaki ni kile kisichotumika kwa simu: kumgusa mtoto paji la uso kujua kama ana homa, kusikia mlango unavyofungwa akirudi na hasira.

Bibi anayebeba mzigo huo naye ana miaka 70. Akiumwa, hakuna mhudumu atakayekuja asubuhi kumtengenezea chai. Binti wa Kiingereza yuko mbali na baba yake, binti wa Kikenya yuko mbali na mama yake, na katikati wapo watoto wawili wanaolelewa na mtu anayehitaji kutunzwa.

Kitufe cha shingoni

Wapo wanaosema teknolojia itaimaliza shida hii. Wazee wengi Uingereza huvaa kitufe shingoni. Mzee akianguka anakibonyeza na ujumbe unafika kituo cha msaada. Lakini vingi vya vifaa hivyo viliunganishwa na simu za waya za zamani, ambazo mtandao wake umepangwa kuzimwa Januari 2027, na kampuni zilitakiwa kuhakikisha kwanza mzee hakatiwi msaada. Tena kitufe kinaita tu. Wa kumwinua mzee bado ni mtu.

Mhudumu naye amewekwa kwenye mashine. Kadi za ukaazi zimebadilishwa kuwa viza ya kidijitali, na haki yake ya kufanya kazi imo kwenye akaunti ya intaneti. Na zaidi ya hapo, kibali chake kimefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akinyang'anywa leseni, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kupata mwingine au aondoke. Mtu aliyekopa kumlipa wakala anaweza kurudi na deni, bila akiba.

Julai 22, 2025 mlango wa wahudumu wapya kutoka ng'ambo ulifungwa. Serikali inasema waajiri watafute watu ndani ya nchi. Wenye nyumba za wazee wanauliza watawalipa nini wenyeji ili wakubali. Mshahara ukipanda, lazima mtu alipe: familia ya mzee au mlipa kodi. Huo ndio mjadala ulioachwa mwaka 2016, na sasa umerudi nyumbani kwa kila Mwingereza mwenye mzazi aliyezeeka.

Kabla ya kusaini

Kwa familia za Afrika Mashariki, mlango mmoja ukifungwa mwingine hufunguliwa. Septemba 2024 Kenya ilisaini makubaliano ya ajira na Ujerumani, na safari za Ghuba ni za miaka mingi. Kwa hiyo mazungumzo haya hayakwepeki, na yafanyike kabla ya mkataba kusainiwa.

Wazazi wakae na yule atakayebaki na watoto, wamuulize kama anaweza, siyo kumwarifu tu. Waandike nani atasaini fomu za shule na za hospitali. Wapange saa ya simu inayomfaa mtoto, hata kama mama ataamka alfajiri kabla ya zamu. Mkataba usomwe hadi mahali panapoeleza kazi ikikatika itakuwaje. Pesa ya nauli ya kurudi iwekwe pembeni isiguswe.

Na mtoto aambiwe ukweli. Mtoto wa miaka 6 haulizi habari za viza wala za Umoja wa Ulaya. Anauliza mama anarudi lini. Kama tarehe haijulikani, ni afadhali aambiwe haijulikani, kuliko kuambiwa Krismasi halafu akaanza kuhesabu.