Kurudi Mikono Mitupu na Kukataa Kwenda

Dhahabu za nchi yetu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola zinahesabika kwa vidole vya mikono miwili, na vidole vinne vinabaki. Filbert Bayi, mita 1500, Christchurch 1974. Gidamis Shahanga, marathoni, Edmonton 1978, kisha mita 10,000, Brisbane 1982. Michael Yombayomba, ndondi, Kuala Lumpur 1998. Francis Naali, marathoni, Manchester 2002. Samson Ramadhani, marathoni, Melbourne 2006. Basi. Tangu Tanganyika ilipopeleka wanamichezo Perth mwaka 1962 mpaka leo, orodha nzima inaenea nyuma ya bahasha ya zaka.

Tuliiandika orodha hii kwa sababu ya mabishano. Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue. Hapa seminarini palikuwa na shangwe, na baada ya shangwe wakaja wanahesabu. Wengine kati yetu walisema nchi yenye watu wengi kiasi hiki kupata dhahabu sita katika miaka sitini ni aibu. Wengine walisema aibu ni kuhesabu dhahabu tu. Tukaona heri tuipitie kumbukumbu mwaka kwa mwaka, kama mtu anavyopitia daftari la parokia kabla ya kumlaumu mtunza hazina.

Tulichokikuta ni kwamba kumbukumbu hiyo ina mistari mitupu, na mistari hiyo haifanani.

Tuanze na mstari uliojaa. Bayi hakuwa mkimbiaji wa kuvizia. Wakimbiaji wengi wa mita 1500 hujificha katikati ya kundi, wakatunza nguvu, wakafyatuka mzunguko wa mwisho. Yeye aliondoka mbele tangu mlio wa bastola, akawaachia wenzake kazi ya kumtafuta. Kwa namna hiyo alimshinda Kipchoge Keino huko Lagos, Januari 1973, katika Michezo ya Afrika. Kwa namna hiyohiyo, tarehe 2 Februari 1974, aliwaongoza wenzake Christchurch mwanzo mpaka mwisho na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker, aliyekuwa akikimbia nyumbani kwao New Zealand, alikuwa wa pili, na yeye pia aliipita rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu. Kama rekodi ya Michezo ya Madola, muda ule wa Bayi ulidumu miaka 48, mpaka Oliver Hoare wa Australia alipouvunja Birmingham mwezi Agosti 2022. Mapadre waliopewa daraja mwaka ule wa 1974 walikuwa wanajiandaa kwa jubilei ya dhahabu.

Dunia nzima ilisubiri Bayi na Walker wakutane tena katika Olimpiki ya Montreal, 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya makaburu, katika majira yaleyale watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Nchi zaidi ya 20 za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia Olimpiki kwa kuwa New Zealand haikufukuzwa. Walker akakimbia bila Bayi, akapata dhahabu.

Je, kususia kulisaidia? Mwaka uliofuata, Juni 1977, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Uskoti, kwamba kila serikali iwazuie wanamichezo wake wasishirikiane na Afrika Kusini ya ubaguzi. Kwa makubaliano hayo Michezo ya Edmonton ya 1978 ikaepuka kususiwa, isipokuwa na Nigeria. Tanzania ilikwenda. Bayi akapata fedha nyuma ya Mwingereza David Moorcroft, na Shahanga, kijana ambaye wengi hawakuwa wamelisikia jina lake, akawaacha wote katika marathoni, pamoja na Jerome Drayton aliyekuwa akishangiliwa na Wakanada wenzake barabara nzima. Tukisoma 1976 peke yake tunaona sifuri. Tukiisoma pamoja na 1978 tunaona kilichotoka ndani yake.

Brisbane 1982 tungependa kukaa kidogo, maana ndiyo mbio tunayoihadithia kuliko zote. Shahanga alikuwa ameshachukua dhahabu ya mita 10,000, na Zakaria Barie akachukua fedha nyuma yake: Watanzania wawili mbele ya watu wote. Kisha ikaja marathoni. Juma Ikangaa, askari wa JWTZ, mfupi wa kimo, alitoka mbele pamoja na Shahanga wakakata mwendo kama watu waliochelewa misa. Mwenyeji Robert de Castella akaachwa mbali. Shahanga, mwenye mita 10,000 miguuni, akachoka. Ikangaa hakuchoka. De Castella akavuta pengo kidogo kidogo, akamfikia karibu na mwisho, na hapo wakaanza kupokezana uongozi: huyu anapita, yule anarudi, huyu anapita tena. De Castella alishinda kwa saa 2:09:18, Ikangaa 2:09:30. Sekunde 12 baada ya kilomita 42. Kwenye jedwali hiyo ni medali moja ya fedha, kijistari kimoja.

Sasa fikirini Ikangaa huyo miaka minne baadaye. Februari 1986 alishinda marathoni ya Tokyo kwa saa 2:08:10. Mwezi Julai Michezo ya Madola ilikuwa inafanyika Edinburgh, na de Castella angekuwepo. Mbio ya kulipa deni la Brisbane ilikuwa imeiva.

Tanzania haikwenda. Serikali ya Uingereza chini ya Margaret Thatcher ilikuwa imekataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya kiuchumi, na nchi 32 za Jumuiya zikakaa nyumbani. Zilishiriki 27 tu. De Castella alishinda tena marathoni. Ukiitazama kumbukumbu ya Tanzania, 1986 ni mstari mtupu.

Hapa ndipo mabishano yetu yalipoacha kuwa ya michezo. Kwamba nchi ilikuwa na haki ya kususia, hakuna aliyepinga. Nchi iliyowapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini, ikawapa ardhi Mazimbu na Dakawa pale Morogoro, isingeweza kupeperusha bendera Edinburgh kana kwamba hakuna jambo. Swali lilikuwa: nani alilipa? Aliyeamua kususia hakupoteza kitu. Aliendelea na ofisi yake. Aliyelipa ni mkimbiaji, ambaye mwili wake una miaka sita au saba ya kilele, na Michezo hii huja kila baada ya minne. Mmoja wetu akakumbusha habari za Daudi na Arauna katika Kitabu cha Pili cha Samweli, jinsi mfalme alivyokataa kupewa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe, kwa kuwa hakutaka kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Akauliza kama taifa halikufanya kinyume chake: kutoa sadaka kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwingine akajibu kwamba kijana wa Soweto hakuulizwa kama anataka kulipa, na yeye alilipa zaidi ya medali. Ni jibu zito, na hatukulipuuza. Lakini halifuti swali la kwanza. Sisi tunaona kwamba uamuzi ulikuwa wa haki, na kwamba haki ile ina watu waliotugharamia na ambao hatukuwahi kuwaambia asante ipasavyo. Tunawajua Bayi na Ikangaa kwa sababu walishinda kwingine. Ikangaa alikwenda kushinda New York mwaka 1989, na Boston akawa wa pili mara tatu mfululizo, mara moja kwa sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Wapo wengine ambao 1986 ndiyo ilikuwa nafasi yao ya pekee, mabondia na wakimbiaji waliokuwa kambini, na majina yao hayapo popote kwa kuwa mtu ambaye hakusafiri haandikwi kwenye matokeo. Katika seminari zetu tunasoma habari za Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na msimamo wake juu ya ukombozi, na ni vema. Sehemu ya msimamo ule ilibebwa kwa miguu ya watu hawa.

Halafu ipo mistari mitupu ya aina ya pili: Delhi 2010, Glasgow 2014, Gold Coast 2018. Tulikwenda, tukapita na bendera kwenye ufunguzi, tukarudi mikono mitupu mara tatu mfululizo. Hapo hapakuwa na Soweto wala Thatcher. Ukiitazama sifuri ya 2014 na ya 1986 kwa jicho la jedwali ni ndugu mapacha. Kwa jicho la dhamiri hawajuani kabisa.

Sababu zake tunazijua kwa sehemu, maana tumezipitia sisi wenyewe shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISSETA na UMITASHUMTA yalisimamishwa kwa muda, na mtoto wa miaka 12 wa wakati ule ndiye angekuwa na umri wa kushindana Delhi au Glasgow. Viwanja vya shule nyingi vimemegwa. Kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuliwa na masomo ya ziada mitihani ikikaribia. Waliobaki kulea wakimbiaji kwa uthabiti ni majeshi, na nyanda za juu zenyewe. Bayi alitoka Karatu, John Stephen Akhwari alitoka Mbulu, Simbu ametoka Singida: ukanda mmoja wa baridi na vilima ambao ungeweza kuuzunguka kwa basi siku moja. Nchi nzima imeegemea pale.

Tena dhahabu zote sita ni za wanaume. Tuliligundua hilo tukiwa tumeshamaliza kuandika orodha, jambo ambalo nalo linasema kitu. Magdalena Shauri, aliyeshika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, anaonyesha kwamba miguu ipo. Wenzetu mliopo parokiani mnajua vizuri kuliko sisi ni binti gani anaruhusiwa kuendelea kukimbia baada ya darasa la saba, na ni nani anaambiwa arudi jikoni.

Birmingham 2022 ukame uliisha. Simbu alipata fedha ya marathoni nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda, na mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakapata shaba. Ndondi inastahili heshima zaidi ya ile tunayoipa. Titus Simba alileta fedha ya ndondi kutoka Edinburgh mwaka 1970, miaka minne kabla ya Bayi, lakini ni nani kati ya waseminari aliyewahi kumsikia?

Na tukiwa Edinburgh 1970, kuna jambo moja la Akhwari. Kila mtu anamjua kwa Mexico 1968, alipoanguka, akaumia goti, akamaliza marathoni ya mwisho kabisa, amefungwa bandeji, giza limeingia. Mahubiri yaliyojengwa juu ya goti lile tumeyasikia mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Lakini hatujawahi kumsikia mhubiri yeyote akisema kwamba chini ya miaka miwili baadaye, Edinburgh, mtu huyohuyo alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Madola. Hakuwa mtu wa huruma. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyepata ajali siku moja, kisha akarudi kazini. Nafasi ya tano haina medali, kwa hiyo kwenye jedwali 1970 yake ni tupu pia.

Michezo ya mwaka 2026 imepangwa kufanyika Glasgow, na waandaaji wameipunguza hadi michezo kumi ili kubana gharama. Ndondi imo, marathoni haimo. Nusu ya dhahabu zetu zilitoka kwenye marathoni, na kwa mara ya kwanza tunaye bingwa wa dunia wa mbio hiyo.