Kicheko na Kilio Mlangoni pa Bingwa

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hivyo ndivyo walivyonena wahenga. Lakini wapo waja ambao wageni hao wawili huwabishia hodi kwa pamoja. Mmoja wao ni Phil Hill, Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa magari ya langalanga.

Hill alizaliwa mjini Miami mwaka wa 1927, akalelewa Santa Monica, California. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Hakuwa mtu wa majigambo. Wasiwasi ulimtafuna hata akaugua vidonda vya tumbo, na mwaka wa 1954 akalazimika kupumzika. Hata hivyo, aliurudia usukani. Mwaka wa 1958, yeye na Mbelgiji Olivier Gendebien walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Wakashinda tena mwaka wa 1961 na 1962.

Tarehe 10 Septemba 1961, Hill aliingia uwanja wa Monza, Italia, akiwa na alama 29. Mjerumani Wolfgang von Trips, mwenzake katika timu ya Ferrari, alikuwa na 33. Katika mzunguko wa pili, gari la von Trips liligusana na la Mskoti Jim Clark, likarukia umati. Von Trips alifariki pamoja na watazamaji zaidi ya 10. Mbio hazikusimamishwa. Hill alimaliza wa kwanza, akawa bingwa kwa alama 34 dhidi ya 33. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza la mwenzake. Ferrari haikupeleka magari katika duru ya Marekani iliyofuata, basi bingwa hakupata kushindana mbele ya watu wake.

Je, taji hilo lilipungua thamani? Wapo watakaodai kwamba alikabidhiwa na mauti. La hasha! Alama za Monza alizichuma mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Ila haki ya ushindi haifuti machozi, wala machozi hayabatilishi ushindi.

Hill alishinda mbio zake za mwisho Brands Hatch, Uingereza, mwaka wa 1967, kisha akang'atuka. Aliaga dunia mwaka wa 2008, akiwa na umri wa miaka 81. Katika enzi iliyowazika madereva wengi wangali vijana, huenda wasiwasi ule uliomtafuna ndio uliomrejesha nyumbani salama.