Mieleka ya Vidole

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kukuta humu habari za mchezo wa watoto, tena mchezo wa kupigana. Usiharakishe kufunua ukurasa. Jambo linaloingia nyumbani na kukaa na watoto kila jioni halihukumiwi kwa kutupiwa jicho kutoka mlangoni. Huwa lina kheri yake na shari yake, na kazi ya kupambanua ni yetu sisi wakubwa.

Mchezo ninaoukusudia waitwa WWF No Mercy, uliotoka mwaka 2000 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Waliouunda ni mafundi wa Kijapani wa kampuni za AKI na Asmik Ace, na wahusika wake ni wanamieleka waliokuwa wakivuma Marekani siku zile, kama The Rock na Stone Cold Steve Austin. Mimi niliujua London, nyumbani kwa kaka yangu, ambaye wanawe watatu waliupenda kuliko chakula. Nilikaa nao jioni nyingi, na hata pedi ya kuchezea niliishika.

Nianze na kheri yake. Mchezo huu hauendeshwi kwa kubonyeza vitufe ovyo ovyo. Ukigusa kitufe cha kukamata kwa wepesi, unampata mwenzio kwa mkamato hafifu. Ukikishikilia, unapata mkamato wa nguvu. Lakini ule wa nguvu huchelewa, na mwenye pupa akiutaka mapema hupinduliwa na kuangushwa yeye. Mwenye kujikinga kwa wakati wake hugeuza shambulio la mwenzake likawa faida yake. Basi mtoto hujifunza kwa vidole vyake kwamba subira huvuta kheri, jambo ambalo tukimwambia kwa mdomo mara mia halimwingii.

Jingine ni hili. Mieleka ya Kimarekani inayoonyeshwa kwenye televisheni ni maonyesho. Mshindi hupangwa kabla hawajapanda ulingoni. Katika mchezo huu, ndugu wawili wakikabiliana hakuna aliyepanga lolote. Kivuli kimekuwa kikweli zaidi kuliko chenyewe!

Na katika sehemu ya kuwania mikanda ya ubingwa, mtu akishindwa pambano hadithi haikatiki. Hugeuka ikashika njia nyingine, yenye mambo ambayo mshindi hakuyaona. Anayetaka kuimaliza hadithi yote hana budi kupita njia ya kushinda na njia ya kushindwa pia. Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Sikutarajia kuikuta maana hiyo ndani ya kaseti ya plastiki.

Sasa tutazame upande wa pili. Kasoro za ufundi zipo. Wanamieleka wanne wakiwa ulingoni kwa pamoja, picha huwa nzito na mwendo hupungua. Hakuna mtangazaji anayesimulia pambano, na mazungumzo ya hadithi huandikwa tu. Baya zaidi, baadhi ya kaseti za mwanzo zilikuwa na ila ya kujifuta kumbukumbu, hata juhudi ya wiki nzima ikapotea usiku mmoja.

Lakini hizo ni ila za chombo. Ila zinazonishughulisha ni za tabia. Damu humwagika kama kitu cha kuchekesha, na mavazi ya wanawake wake hayafai kutazamwa na familia iliyokaa pamoja. Tena kuna kipimo kinachoonyesha moyo wa mpiganaji: kikijaa, huruhusiwa kutoa pigo lake kubwa. Na miongoni mwa njia za kukijaza ni kusimama mbele ya mwenzio na kumfanyia kejeli. Yaani mchezo huo huo unaolipa subira, hulipa na majivuno!

Jambo hili lilitoka kwenye kioo likaingia sebuleni. Mkubwa wa wale vijana alikuwa akimwangusha mdogo wake, kisha huinuka kitini akamwiga yule wa kwenye picha, kwa mikono na kwa maneno. Siku moja mdogo aliitua pedi chini pole pole, akaenda zake chumbani. Siku mbili hakumsemesha nduguye, hata mezani. Mama yao alitaka mashine itolewe nyumbani. Kaka yangu hakuitoa. Aliwaita wote watatu, akasema: "Kupigana ni kwa kwenye kioo, na kejeli ibaki huko huko. Atakayemdhihaki mwenzake kwa ulimi wake, hachezi wiki nzima." Kisha, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi, aliketi nao.

Alikuwa akishindwa kila siku, na kila akishindwa humpa mshindi mkono. Haikupita muda mkubwa akaanza kumwonyesha mdogo namna ya kujikinga. Sikumsikia baba yao akitoa hotuba.

Tumefundishwa na Mtume wetu, s.a.w., kwamba nguvu ya mtu haipimwi kwa kumbwaga mwenzake, bali kwa kujizuia anapoghadhibika. Mchezo huu umefanya ya kwanza vizuri mno. Ya pili haimo ndani ya kaseti, wala hakuna fundi awezaye kuitia. Hiyo hutiwa na mzazi.

Mashine ile leo ni ya kizamani, na ziko mpya zenye picha za ajabu zaidi. Ndugu msomaji, usiulize tu kama mchezo wa mwanao ni halali au haramu, kisha ukarudi kwenye shughuli zako. Vuta kiti. Tazama unamlipa kwa lipi: kwa subira, au kwa kumdhalilisha mwenzake? Ukishajua, utakuwa na neno la kumwambia, naye atalisikia, kwa kuwa utalisema ukiwa ubavuni pake.