Kimo na Chombo

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya mtu mkubwa. Yupo njorinjori, aliyerefuka bila ya kunenepa; yupo pandikizi la mtu, ambaye urefu na unene vimekwenda sambamba; yupo mtu wa miraba minne, aliyejengeka mabega na kifua; na siku hizi yupo bonge, neno la mitaani ambalo huweza kuwa tusi au mapenzi kulingana na mdomo unaolitamka. Watengenezaji wa pikipiki, kwa upande wao, ni kana kwamba wanamjua mtu mmoja tu. Hana jina, lakini vipimo vyake hukisiwa kwa urahisi: urefu wa mita moja na robo tatu hivi, uzito wa kilo 75 au zaidi kidogo. Ugumu wa springi za nyuma, umbali kati ya kiti na vikanyagio, kimo cha kioo cha kukinga upepo, vyote vimepangwa kwa ajili ya bwana huyo wa wastani. Atakayekuja na mwili mwingine itambidi ajipange mwenyewe.

Bwana anayezungumzwa hapa ana urefu wa mita 1.98 na uzito wa kilo 128. Alizaliwa Tanga, anaishi Leicester, na tangu alipokuwa chuoni akisoma Kurani wenzake walimwita Mlingoti. Alipofika umri wa miaka 41 aliamua kujifunza kuendesha pikipiki. Hakutafuta burudani. Zamu yake katika ghala moja nje ya mji humalizika saa kumi alfajiri, na basi la kwanza hupita saa kumi na mbili. Gari la nyumbani ni moja, na saa hizo liko hospitalini, kwa sababu mkewe ni muuguzi wa zamu za usiku. Saa mbili za kusimama kituoni katika baridi ya Februari, mara tano kwa wiki, zinatosha kumfundisha mtu thamani ya magurudumu mawili.

Pikipiki hakuwa mgeni nazo, ila alizijua kwa nyuma, kama abiria. Kila aendapo Tanga kuwaona wazee, waendesha bodaboda humtazama juu hadi chini kabla ya kutaja nauli. Mmoja alimwambia bila ya kuuma maneno, "Bosi, wewe ni abiria wawili," akatoza nauli ya wawili. Huyo huyo, walipokuwa wakipanda mwinuko, alimpigia kelele: "Sogea mbele, bosi! Ukining'inia huko nyuma utaninyanyulia usukani." Maneno hayo yalikuwa darasa la kwanza la fizikia ya pikipiki alilolipata, na yalikuwa bora kuliko mengi yaliyofuata. Uzito ukilala nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa na mshiko, na chombo huwa kizito kukata kona. Kijana yule wa Boxer hakuhitaji kitabu kulijua hilo. Mikono yake ilimwambia.

Uingereza ina utaratibu wake. Anayeanza hupitia kwanza mafunzo ya lazima ya siku moja, yajulikanayo kwa herufi CBT, na cheti chake hudumu miaka 2. Kwa cheti hicho, mtu wa umri wake huruhusiwa chombo kisichozidi cc 125 na kilowati 11, chenye kibao cheupe na herufi L nyekundu. Akishafaulu mtihani wa nadharia na mitihani miwili ya vitendo juu ya pikipiki kubwa, mwenye miaka 24 au zaidi anaweza kununua chochote anachokimudu mfukoni. Huo uhuru wa mwisho ndio wenye mtego, kama itakavyoonekana.

Siku ya mafunzo alipewa Yamaha YBR125, chombo chepesi na chenye subira, ambacho kiti chake kiko milimita 780 kutoka ardhini. Kwa mtu mfupi hiyo ni neema. Kwa Mlingoti, magoti yalipanda mpaka yakawa jirani na usukani, na alipotakiwa kuchora namba nane kwa mwendo wa pole, usukani ulipogeuzwa hadi mwisho uligonga goti ukakataa kuendelea. Mara mbili aliweka mguu chini. Mwalimu alimwambia akae nyuma kabisa na afungue magoti nje kama mlango wa debe mbili, na namba nane ikachoreka. Buti lake namba 14 nalo halikupita chini ya kikanyagio cha gia, hadi kikanyagio chenyewe kilipolegezwa na kuinuliwa kidogo kwa spana. Ni jambo la dakika tano, na inashangaza ni wangapi wasiolijua, wakaendelea kupindisha kifundo cha mguu miaka nenda rudi.

Habari ilipofika barazani, kwenye duka la kinyozi ambako watu wa pwani hukutana Jumamosi, kila mmoja alikuwa na ushauri, na ushauri wote ulikuwa mmoja: mtu wa kimo hicho asijidhalilishe na kidogo. Achukue BMW kubwa, ile R 1250 GS, awe kama mtu. Chombo hicho kina uzito wa kilo 249 na nguvu za farasi 136. Ni kizuri mno, na mtu mrefu hukikalia kama kiti cha enzi. Lakini wanabaraza walichanganya mambo mawili ambayo watu huyachanganya siku zote mbele ya mwili mkubwa: walidhani kimo ni uwezo. Wasomi wa visa vya pwani watamkumbuka Fumo Liyongo, aliyekufa amepiga goti na upinde mkononi karibu na kisima, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa kumdhania hai. Mwili mkubwa huaminiwa nguvu hata pale ambapo hazimo. Mwanafunzi wa kilo 128 ni mwanafunzi vile vile. Hajajua kuachia klachi kwa kiasi, wala mkono wake wa kulia haujazoea kuongeza mafuta kidogo kidogo. Na farasi 136 hawaulizi aliyewapanda ana futi ngapi.

Kwa hiyo swali lake likawa gumu kuliko la mtu wa kawaida: chombo kikubwa kwa mwili, kidogo kwa nguvu. Vitu hivyo viwili si rahisi kuvipata pamoja, maana soko huvipandisha kwa pamoja.

Ushauri wa kawaida kwa wanaoanza ni kutafuta kiti cha chini, ili nyayo zote zikae ardhini. Ushauri huo si wa uongo, ila umeandikwa kwa ajili ya wenye hofu ya kutofika. Mlingoti, mwenye mguu wa sentimita 94 kwa ndani, anafika popote. Alipokalia Honda Rebel 500, ambayo kiti chake ni milimita 690 tu, alijiona mwenyewe kwenye kioo cha duka akiwa kama mtu aliyekalia mbuzi akikuna nazi. Muuzaji alisema inampendeza. Baada ya robo saa nyonga zilikuwa zinalia.

Kipimo chenye maana kwake hakikuwa kimo cha kiti. Kilikuwa pembetatu: pale makalio yanapokaa, pale nyayo zinapokanyaga, pale mikono inaposhika. Umbali kati ya kiti na kikanyagio ndio unaoamua goti litakunjwa kiasi gani. Na goti lililokunjwa kupita kiasi kwa saa nzima huganda, na mguu ulioganda hauwahi kushuka chini gari la mbele likisimama ghafla. Pikipiki mbili zenye viti vya kimo kimoja zinaweza kuwa na pembetatu tofauti kabisa. Karatasi za matangazo hutaja kimo cha kiti kwa herufi kubwa, na pembetatu haziitaji. Hakuna njia ila kukaa. Akajiwekea kanuni: dakika 20 juu ya kila chombo, kimesimama, huku mwenzake akimpiga picha ya ubavuni. Maduka mawili yalichoka naye. La tatu lilimletea chai.

Royal Enfield Himalayan ya kwanza, ile ya cc 411, ilimvutia kwa unyofu wake. Kiti ni milimita 800, usukani uko juu, na bei ni ya watu. Lakini injini yake ina nguvu za farasi 24 hivi, na njia yake ya kazini ina maili 9 za barabara kuu ambapo malori hayamsubiri mtu. Mwenye kilo 70 angeweza kuivumilia; mwenye kilo 128 angekuwa amefungulia mafuta hadi mwisho muda wote, bila ya akiba ya kujinusuru. Honda CB500X, yenye kiti cha milimita 830 na kilowati 35, ilikaribia sana kuwa jibu, na kwa wengi wa mwili wake ni jibu. Aliikosa kwa kitu kidogo: kioo chake kilimpeleka upepo moja kwa moja kwenye ukingo wa helmeti, kichwa kikawa kinatikiswa kama tunda kwenye dhoruba. Warefu wanalijua tatizo hili, na dawa yake si lazima iwe kioo kirefu zaidi. Mara nyingine kuondoa kioo kabisa humpa mtu upepo mzito lakini uliotulia.

Ilibaki Suzuki V-Strom 650. Kiti ni milimita 835, injini ina silinda mbili na tabia ya kuvuta kwa upole kuanzia chini, na sura yake haimfanyi mtu ageuke kuitazama. Alipata iliyotumika, ya mwenyewe wa kwanza, kwa pauni 4,200.

Mama yake, huko Tanga, aliambiwa kwa simu baada ya salamu ndefu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mjomba wako naye alikuwa na miguu mirefu, na mmoja sasa ni mfupi." Mlingoti alijibu, "Nimekusikia, mama," na kwa mwezi mzima hakwenda kulipa. Anayekulia katika mji wenye bodaboda hana haja ya takwimu za ajali. Anamjua kila mtaani anayechechemea. Mkewe hakukataa wala hakuridhia, aliweka masharti mawili. Kwanza, nguo kabla ya chombo. Pili, siku ya barafu barabarani, pikipiki italala.

Sharti la kwanza lilichukua wiki tano. Suruali ya kujikinga inayomtosha kiunoni huwa fupi, na inapokuwa fupi, kinga ya goti hukaa juu ya goti, pajani, ambapo haina kazi. Ilibidi aagize za kushonewa. Glavu zilitoka Ujerumani. Helmeti pekee aliinunua siku moja, kwa sababu kichwa chake, kwa mshangao wa wote, ni cha wastani.

Kuhusu uzito, watu wengi huishia kwenye swali la kama pikipiki "itambeba". Itambeba. Swali ni itambebaje. Pikipiki nyingi za kati huruhusiwa mzigo wa kati ya kilo 160 na 200, na mzigo maana yake ni mtu, nguo zake, sanduku na abiria kwa pamoja. Gurudumu la nyuma la V-Strom lina mwendo wa kiasi cha milimita 160 juu na chini, na mpandaji anapokaa inafaa lizame theluthi yake tu, ili zibaki theluthi mbili za kumeza mashimo. Yeye lilizama milimita 70. Nyuma ikilala hivyo, taa ya mbele huwamulika madereva wanaokuja machoni, na usukani huwa mvivu. Ndiyo yale yale ya kijana wa Boxer. Fundi alikaza springi hadi mwisho, nyuma ikainuka, lakini kuikaza springi hakuibadilishi kuwa ngumu zaidi, huipandisha tu pale inapoanzia. Ikabidi springi yenyewe itolewe na kuwekwa ya mtu mzito. Baada ya hapo ilizama milimita 52. Gharama hiyo haikuwa kwenye hesabu ya mwanzo, na yeyote mwenye zaidi ya kilo 100 aiweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na kusoma jedwali la upepo wa matairi, ambalo hutenga kipimo cha mzigo mkubwa.

Jioni moja walikaa jikoni wakapiga hesabu ya mwisho. V-Strom huruhusiwa mzigo wa kiasi cha kilo 200. Yeye 128. Nguo, buti na helmeti, kilo 10. Sanduku la nyuma na vilivyomo, 6. Ilibaki 56. Mkewe alichukua kalamu, akaandika uzito wake bila ya nguo za pikipiki, akauchora mstari chini yake, akaurudisha mkate kwenye sahani.

"Kwa hiyo mishikaki hakuna," alisema.

"Hakuna."

Kesho yake Mlingoti alivifungua vikanyagio vya abiria kwa spana namba 8, akavipangusa mafuta, akaviingiza ndani. Mkewe aliviweka kwenye droo ya miko na vijiko vikubwa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na nafasi ya urefu ule.